Mtu wa Usafi Tu

Asubuhi ile ndara za dada hazikulia.

Kila alfajiri aliporudi kazini, Macho alimsikia tangu mlango wa nje. Ndara za mpira zilipiga sakafu ya ukumbi mrefu wenye vyumba vya wapangaji pande zote mbili, zikasita kidogo penye saruji iliyobomoka, kisha zikaendelea mpaka mlangoni kwao. Sauti ile ilikuwa saa yake. Akiisikia, alijua ni wakati wa kufunga kompyuta na kubandika chai.

Lakini asubuhi ile aliinua uso kutoka kwenye picha aliyokuwa akiishughulikia, akamkuta dada amesimama karibu na bega lake, mkoba ungali kwapani.

"Mungu wangu! Umeingilia wapi?"

"Dirishani, kama paka," dada alisema, akacheka. "Macho, masikio umeyaweka rehani? Nimebisha hodi mpaka mkono umechoka."

Macho akacheka naye, kisha akatazama chini. Ndara zilikuwa zilezile za buluu, zimelowa maji ya kudekia. Dada akaenda mpaka kwenye jiko, akarudi, akaketi kitandani kwake, na sakafu haikusema kitu.

"Umepata ndara mpya?"

"Kutoka kwa mchumba yupi?"

Macho hakuliwaza tena. Tangu jioni alikuwa na jambo jingine la kumficha, na alishukuru kwamba dada alikuwa amechoka mno kumsoma usoni.

Macho alikuwa mpiga picha wa klabu iliyokuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo la vioo, ambako watu walikuja kucheza, kunywa na kuonekana. Kazi yake ilikuwa kuwapiga picha wakionekana, kisha, kabla picha hazijawekwa mtandaoni, kuzisafisha. Aliondoa jasho kwenye paji la uso, chunusi, madoa ya vinywaji, na watu wasiotakiwa: mkono wa mhudumu, kisogo cha mlinzi, mwanamke mwenye ufagio aliyepita kwa bahati mbaya nyuma ya kicheko cha mtu. Meneja aliita kazi hiyo kupangusa. Mpanguse huyu. Mpanguse na yule. Macho alikuwa na mkono mwepesi. Aliwafuta watu, na mahali pao akapaka ukuta, pazia au giza la kawaida.

Ila zamu yake ilipokwisha, alipiga picha nyingine. Alishuka barabarani akawapiga waliolala kwenye baraza la benki, wauza sigara wakipasha mikono kwenye boneti za magari ya wageni, walinzi wakila wima. Aliweka juu na chini bega kwa bega: mguu wenye kiatu cha dhahabu ukishuka garini, na kando yake mguu uliofungwa mfuko wa plastiki. Picha zile zilimfikia mratibu wa maonyesho, mwanamke wa miwani mikubwa, akasema jiji zima lilipaswa kuziona. Maonyesho yangefanyika palepale klabuni. Meneja alikubali, kwa kuwa siku hizo hata huruma ilikuwa imeingia kwenye mtindo.

Na dada alifanya kazi mlemle, kwenye choo cha wanawake. Alipiga deki, akafuta masinki, akasimama kando ya kioo na mataulo madogo mkononi, akiwapa waliomaliza kunawa. Ndiye aliyemlea Macho baada ya wazazi wao kufariki. Ndiye aliyempa jina lile, kwa jinsi alivyokuwa akikodolea kila kitu. Ndiye aliyeingia ofisini kwa meneja na picha zake zimefichwa katikati ya mataulo, akasema, "Bosi, kuna kijana mmoja, mtazame tu." Siku ambayo Macho alianza kazi, dada alimwambia, "Tukiwa kule, mimi si wako. Wasije wakakucheka." Aliyasema kwa mapenzi. Macho aliyapokea kama ruhusa.

Halafu ikaja ile picha. Mwanamke mmoja, mgeni wa kila wiki, mwenye gauni la rangi ya fedha, alimvuta Macho hadi kwenye kioo cha choo ampige picha akijipaka rangi ya mdomo. Nyuma yake alisimama dada na taulo lake. Katika kioo dada alitazama kamera moja kwa moja, na kwa kuwa aliyekuwa nyuma ya kamera ni mdogo wake, uso wake ulijaa fahari ambayo hakuwahi kuipeleka kazini.

Jioni ile, ofisini, walikuwa watatu mbele ya kompyuta: meneja, mratibu, na mwenye gauni la fedha aliyekuja kujiona.

"Hii!" mratibu alisema, akavua miwani. "Hii ndiyo picha. Nani huyu aliye nyuma? Ana uso wa mtu anayempenda anayempiga picha. Nataka kuzungumza naye."

"Uzungumze nini na mtu wa choo?" meneja alisema. "Mama, wageni wangu wanakuja kuona sanaa, hawaji kuona vyoo vyangu. Mpanguse."

Mwenye gauni la fedha aliinama, akatazama picha, akamtazama Macho. "Hebu subirini. Pua hii na pua ile... Mpiga picha, huyu si ndugu yako kweli?"

Wote watatu wakacheka. Macho akacheka pamoja nao, akasikia kicheko chake kikiendelea baada ya vyao kwisha.

"Simjui," alisema. "Ni mtu wa usafi tu."

Akampangusa mbele ya macho yao. Mahali pa dada akapaka vigae vyeupe. Mratibu alisikitika kidogo, kisha akasema hata hivyo picha imebaki na ukimya fulani wa kupendeza.

Kesho yake alfajiri ndara zikaingia bila sauti.

Kwa siku kadhaa dada mwenyewe hakutambua kitu, maana kwenye kazi yake kutoonekana kulikuwa sehemu ya kazi. Wanawake walichukua taulo mkononi mwake bila kumtazama, kama walivyofanya siku zote. Waliendelea kusemana mbele yake, kulia mbele yake, kutapika mbele yake. Lolote lililokuwa limempata lilikuwa limechagua mahali ambapo hakuna ambaye angeshtuka.

Aliyemshtua ni bawabu, pande la mtu waliyemwita Ukuta. Ukuta alizoea kumtania kila jioni: "Mke wangu mtarajiwa, leo unanikataa kwa kosa gani?" Jioni moja alimfungia mlango usoni. Dada akagonga. Ukuta akachungulia, akatazama kulia, akatazama kushoto, akasema, "Upepo gani huu," akafunga tena.

"Nimeachwa hata sijaolewa," dada alimsimulia Macho, akijaribu kulifanya la kuchekesha. Lakini siku iliyofuata, bombani, wapangaji wenzake walimpita kwenye foleni kila mmoja kwa zamu, na yule waliyemwita Mama Jirani akatua ndoo yake juu ya mguu wa dada, wala hakusikia alipopiga kelele. Na usiku wa siku hiyo alipofuta kioo kirefu cha choo aliona kitambaa kikienda na kurudi, kikienda na kurudi, bila mkono.

Alirudi nyumbani akaketi sakafuni.

"Macho, nimekufa?" aliuliza kwa sauti ya chini. "Niambie ukweli. Pengine nilikufa nikapitiwa."

"Usiseme hivyo, dada."

"Wewe unaniona?"

"Nakuona."

Alimwona, ila ilimbidi akaze macho kama anayesoma kwa mwanga wa kiberiti. Ukingo wa bega la dada ulikuwa umeanza kugeuka rangi, na Macho aliitambua rangi ile. Ilikuwa nyeupe ya vigae, imepakwa kwa mkono mwepesi, kingo zake zimelainishwa kwa ustadi asiouona mtu mwingine yeyote. Ilikuwa kazi yake mwenyewe. Dada alipolala, aliirudisha kadi ya picha kwenye kamera, akatafuta picha ya awali, ile ambayo hakuigusa. Mwanamke wa fedha alikuwapo, anajipaka mdomo. Nyuma yake, kwenye kioo, palikuwa na taulo limekunjwa vizuri, linaning'inia hewani.

Usiku uliofuata alisikia ndara.

Moyo wake uliruka kwa furaha, kwa sababu zililia kama zamani, kuanzia mlango wa nje, zikija polepole ukumbini, zikasita penye saruji iliyobomoka, na alikuwa ameshatupa miguu chini aende kumfungulia, alipokumbuka kwamba usiku huo dada hakwenda kazini, kwamba amelala upande wa pili wa pazia linalogawa chumba chao, kwamba anamsikia akipumua. Na ndara zikaja, zikaja mpaka mlangoni, na mlango haukufunguka lakini zikawa ndani, na pamoja nazo ikaingia harufu ya mfereji uliozibwa, ya dawa ya choo na nywele zilizooza, harufu nzito kiasi kwamba aliionja ulimini, na lile pazia likavimba taratibu likachora paji la uso, pua, kidevu, uso wa dada yake ukisukuma kitambaa kutoka upande ambao hapakuwa na nafasi ya mtu kusimama, na midomo ya uso ule ikafunguka ndani ya kitambaa.

"Ulisema humjui," ilisema kwa upole, kwa sauti ya dada. "Mimi namjua."

Mganga waliyemwendea alikuwa mwanamke mnene mwenye kikohozi, aliyetibu kwenye chumba cha nyuma ya saluni, uvumba wake ukigombana na harufu ya dawa ya nywele. Alitazama mkekani.

"Umekuja na nani?"

"Na dada yangu. Huyu hapa."

Mganga akakunja uso, akageuza kichwa, akatazama kwa pembe ya jicho. Akaacha kutafuna alichokuwa akitafuna. "Aa. Yupo. Pole, mwanangu. Karibu unakwisha."

"Asante, shangazi," dada alisema, na machozi yakamtoka, kwa kuwa zilikuwa siku nyingi tangu mtu mwingine amwambie neno.

"Nimetoa majini wa visimani, wa makaburini, wa kurithiwa," mganga alisema. "Wale huvunja mlango, nami nawatoa kwa mlango huohuo. Huyu hakuvunja. Huyu hukaa mahali patupu akingoja mtu akanwe na wa kwao. Alikanwa na nani?"

Kupitia ukuta walisikia wasusi wakicheka saluni. Dada aligeuka, akamtazama Macho, na Macho akasema yote akitazama mkeka: ofisi, kicheko, neno.

"Ulisema hivyo?" dada aliuliza. "'Tu'?"

"Ndiyo."

"Uliogopa?"

"Ndiyo, dada."

"Basi si kitu," alisema, akanyoosha mkono akamwekea sawa kola ya shati.

Mganga alikohoa kwa muda mrefu. "Moshi wangu hauwezi kumnyang'anya jini kitu alichopewa. Lirudishe neno lako mwenyewe. Mbele ya walewale watatu waliolisikia, kwa sauti wanayoweza kuisikia, dada yako akiwa kando yako. Sema: huyu ni dada yangu. Kisha nyamaza. Usilipambe, usilizungushe, usilitangulize na lingine. Unanisikia, kijana? Huyu jini hupenya kwenye nafasi unayoiacha kabla ya kusema kweli."

"Nimesikia."

"Watu wa mjini mnapenda hotuba," mganga alisema. "Nakuambia tena."

Njiani Macho alitembea mbele, dada akamfuata nyuma, hatua chache, kama walivyozoea kutembea kazini.

Watatu wale wangekutana tena jioni ya maonyesho. Picha zilitundikwa kuta zote. Waliolala barazani walining'inia juu ya meza za vinywaji, na wageni waliwatazama wakishika bilauri kwa vidole viwili, wakisema, inaumiza, inaumiza kweli. Umati mkubwa kuliko wote ulikuwa mbele ya picha ya awali, ile ya taulo linaloelea, ambayo Macho alikuwa ameileta badala ya ile iliyopanguswa. Mratibu alikuwa akifuta machozi. "Umefanyaje hili taulo? Usiniambie. Usiniambie!"

Dada alisimama kando yake. Alikuwa amevaa sare ya kazini, iliyopigwa pasi. Alibaki kama mvuke kwenye kioo, na Macho alimjua zaidi kwa baridi ya mkono wake ulioshika wake.

Wakampa kipaza sauti. Meneja alikuwa mbele, mratibu kulia, mwenye gauni la fedha kushoto, wote watatu wanamtazama. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Huyu ni dada yangu. Mtoto mdogo angeyasema.

Akatazama nyuso zile zote. Akaona jinsi zitakavyobadilika. Jinsi mwenye gauni la fedha atakavyokumbuka pua, jinsi meneja atakavyokumbuka uongo. Akaona kwamba neno lile, likitoka hivihivi, litaanguka sakafuni bila kueleweka, na kwamba lilihitaji kwanza kitu kidogo cha kulitangulia, daraja fupi tu.

"Kila usiku," alisema, "kuna mkono unaotupa taulo, nasi hatuulizi mkono ule ni wa nani."

Ukumbi ukatulia. Baridi mkononi mwake ikakaza.

"Tunanawa, tunaondoka safi, na uchafu wetu tunamwachia yeye."

Mtu mmoja akapiga kofi. Kisha mwingine. Simu zikainuka, taa zake ndogo zikamwelekea, na Macho, ambaye siku zote alikuwa nyuma ya kamera, akahisi utamu ambao hakuwahi kuujua, kifua kikamjaa, sentensi nyingine ikaja yenyewe, nzuri kuliko ya kwanza, na nyingine nyuma yake, na alizisema zote, zikipanda, zikiimba, huku vidole vilivyomshika vikilegea kimoja baada ya kingine, na watu wakasimama, wakapiga makofi na miluzi, na meneja, kwa kufurahi, akampungia mkono mpiga muziki, spika zikanguruma, na ni hapo, ndani ya ngurumo ile, Macho alipopiga kelele, "Huyu ni dada yangu! Huyu hapa! Ni dada yangu!"

Midomo yake ilionekana ikicheza. Mratibu alimpungia na kuitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo. Hakusikia. Hakuna aliyesikia.

Dada alisikia. Aligeuka akasimama mbele yake, na kwa dakika ile Macho alimwona mzima, kope na kovu la kidevuni na jino lililopandana, kama picha inavyotokea ghafla mahali sahihi pa lenzi. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo Macho angeshindwa kulivumilia baadaye.

"Umesema vizuri, Macho," alisema. "Vizuri sana. Wamekupenda."

Akatazama sakafu, ambako mtu alikuwa amemwaga kinywaji. Akainama kukifuta, na hakuinuka.

Nyumbani hapakuwa na pazia. Palikuwa na kitanda kimoja. Macho aligonga kwa Mama Jirani hadi akafungua, kanga mabegani.

"Dada yangu yuko wapi?"

"Dada yupi, mwanangu?"

"Tunaishi naye! Anayelala upande ule, anayekusukia nywele Jumapili!"

Mama Jirani alishika kichwa chake kilichosukwa, akamtazama kwa huruma. "Tangu uhamie hapa unaishi peke yako. Ukila huna hata wa kukupa maji. Nenda kapumzike."

Kwa mganga, siku iliyofuata, ilikuwa vivyo hivyo. "Ulikuja peke yako," alisema. "Ulikaa hapo ukaongea na mkeka. Nilikuonea huruma, nikakupa maneno ya kukutuliza." Ukuta naye alicheka. Mchumba? Yeye? Choo cha wanawake hakijawahi kuwa na mtu, alisema. Mataulo hujipanga tu pale.

Usiku ikaja ile harufu, ikakaa mwisho wa kitanda. Godoro likabonyea.

"Nirudishie," Macho alisema. "Nichukue mimi. Nakuomba."

"Wengine wote nimewafutia kumbukumbu," ilisema sauti ya dada. "Wewe nimekuachia. Asipobaki hata mmoja wa kumlilia, nitakuwa nimechukua nini?"

Kulipopambazuka alimpigia shangazi yake, dada wa baba, aliyeishi mbali na ambaye ndiye mzee pekee waliyebaki naye. Shangazi alifurahi kusikia sauti yake. Akamuuliza kazi, afya, akamlaumu kwa kukonda, ingawa hakumwona.

"Shangazi, mama alizaa watoto wangapi?"

"Swali gani hilo asubuhi yote hii? Alikuzaa wewe, baba. Wewe peke yako."

"Mama alipofariki, nilikuwa na umri gani?"

"Mdogo. Hata maneno yalikuwa hayajanyooka."

"Nani alinilea?"

Macho alisikia shangazi akipumua, akitafuta, kama mtu anayeingia chumba alichokijua na kukuta hakina samani.

"Ajabu," shangazi alisema taratibu. "Mimi nilikuwa mbali. Wengine walikuwa na wao. Nadhani ulijilea tu, mwanangu. Ulikuwa mtoto mtulivu."

"Nilikuwa natambaa, shangazi. Njia ya zahanati ilikuwa ndefu, na nilikuwa mgonjwa wa kila mara. Nani alinibeba?"

"Hakuna," shangazi alisema, na sauti yake ikaanza kulia bila kujua inalia nini. "Hakuna aliyekubeba, baba. Sijui ulifikaje."

Macho alikaa kitandani na simu sikioni, muda mrefu baada ya shangazi kukata, na kifuani pake palikuwa na joto la mgongo wa msichana mdogo anayetembea kwa haraka.